Kete za Jumatatu

Baba alinipa mpaka Sabasaba. Alisema hivyo asubuhi moja nyumbani kwetu Ubungo, akifunga kamba za viatu ili awahi ofisini kwake, alikokuwa karani. Nilikuwa nimemaliza kidato cha sita, nafasi ya chuo cha ualimu ilikuwa imeshapatikana huko bara, na mimi nilikuwa nimetangaza kwamba siendi kwa sababu nimepata kazi ya kuchora mchezo wa bao ndani ya kompyuta. Baba alinitazama kama mtu aliyeambiwa kwamba bintiye anakwenda kuuza upepo.

"Mpaka Sabasaba," alisema. "Huo mchezo ukiwa umekwisha, na nikauona kwa macho yangu, tutazungumza. Ukiwa haujaisha, chuo kinafunguliwa mwezi wa nane na wewe utakuwa kwenye basi."

Baba hakuwa mtu wa kurudia maneno, nami sikuwa mtu wa kumjibu. Hata hiyo habari ya kutokwenda chuo nilikuwa nimemfikishia kupitia kwa mama.

Leo nina timu yangu mwenyewe, vijana sita, papa hapa Kinondoni, tunatengeneza michezo ya kwenye simu. Kila Jumatatu wanakaa na karata zenye namba. Kazi ikitajwa, kila mmoja anachagua karata ya siku anazodhani zitahitajika, anaificha, halafu wanazifunua kwa pamoja. Wameupata utaratibu huo kwenye mtandao, una jina la kigeni, na wanalitamka kwa heshima kubwa. Mimi huwasikiliza huku nimejing'ata mdomo nisicheke. Jambo hilo nilikuwa nalifanya baadhi yao hawajazaliwa, kwa kete za komwe, zile mbegu za kuchezea bao, na aliyelianzisha hakulisoma popote. Alilianzisha kwa sababu mimi na mwenzangu tulikuwa waongo.

Tajiri wetu tulimwita mzee tu. Alikuwa mwenyeji wa Mtoni, mtu wa kofia na maneno ya taratibu, fundi mitambo ya simu wa shirika moja la umma mpaka mashirika yalipoanza kupunguza watu, naye akapunguzwa. Wenzake walichukua kiinua mgongo wakanunua mashine za kusaga. Yeye alinunua kompyuta mbili zilizokwishatumika, akapanga chumba kimoja nyuma ya duka la vifaa vya shule. Asubuhi alifundisha watu kupiga chapa. Mchana tulitengeneza bao.

"Milango imefunguliwa, kila kitu kinaingia," alikuwa akisema. "Lakini michezo yote iliyomo humu ni ya kupigana risasi. Na bao liingie."

Alitaka bao la kiswahili lenyewe, mashimo thelathini na mawili, kete sitini na nne, na nyumba, lile shimo kuu la kila mchezaji, na namu, zile kete za kuingizwa moja moja mwanzoni. Zaidi ya hayo alitaka kompyuta iweze kucheza peke yake dhidi ya mtu. Alikuwa mchezaji hodari, na ndoto yake ilikuwa kufungwa na mashine. Siku itakaponifunga, alisema, nitakufa nacheka.

Wa tatu wetu alikuwa kijana wa Buguruni, mwembamba, mwenye maneno ya haraka, niliyemwita braza. Yeye aliandika programu, ufundi aliojifunza kwenye kitabu kinene kisicho na jalada. Mimi nilichora kwenye karatasi za grafu, kisha nikahamishia kwenye kompyuta nukta kwa nukta mpaka macho yakatoa machozi. Niliipenda kazi ile kuliko kitu chochote nilichowahi kufanya, na niliogopa kuipoteza.

Kila Jumatatu mzee alifungua daftari akasoma kazi za juma. Ubao uchorwe. Kete zisambae shimo kwa shimo. Sheria ya nyumba iingizwe. Kila alipotaja kazi alitaja na muda wake, na muda wake ulikuwa mmoja siku zote.

"Hii siku mbili."

"Poa mzee, siku mbili," alisema braza.

"Ndiyo mzee," nilisema mimi.

Ule ubao peke yake ulinichukua majuma mawili. Kila aliponiuliza nilimwambia unakwenda vizuri, nao ulikuwa unakwenda vizuri kweli, ila ulikuwa haufiki. Braza naye alikuwa na sheria ya nyumba iliyokuwa ikimla mwezi mzima. Hakuna aliyethubutu kusema siku mbili hazitoshi. Mtu mzima kashasema mbili, wewe uliyezaliwa juzi utatoa wapi kumi? Tulijiona tuna adabu, na daftari la mzee likajaa kazi zilizokwisha kwenye karatasi tu.

Mzee hakuona vema kukaa na binti wa watu mchana kutwa bila kujulikana kwao, kwa hiyo siku za mwanzo kabisa alikwenda Ubungo kuwaamkia wazazi wangu. Walipatana na baba juu juu, kwa adabu. Basi daftari lilipomwonyesha kwamba kete zinasambaa na sheria ya nyumba imeingia, mzee akafurahi, akamwalika baba aje Jumamosi kuona.

Baba alikuja. Akapewa kiti kizuri na soda. Ubao ukatokea kwenye skrini, na kwa dakika moja niliona uso wake ukikubali bila kutaka, maana ubao ule nilikuwa nimeuchora na mishipa ya mti. Mzee akabonyeza. Kete moja ikaenda shimo la kwanza. Halafu kete zote zikatoweka, na skrini ikawa nyeusi. Braza akawasha upya. Ubao, kete moja, giza. Akawasha tena.

Baba alimaliza soda yake taratibu, akashukuru, akaaga. Nikamsindikiza mpaka kituoni.

"Ulijua kwamba haijawa tayari?" aliniuliza.

Nikasema nilijua.

"Na yule kijana?"

Alijua.

"Na mzee wenu?"

Nikasema yeye hakujua.

Baba akatembea kidogo. "Basi mnamdanganya mzee wa watu," alisema. "Sabasaba ni ileile."

Nilikasirika njia nzima ya kurudi, hasa kwa kuwa alikuwa amesema kweli. Lakini nilikasirika pia kwa sababu ni yeye aliyenifundisha kwamba mkubwa akisema, mdogo anaitikia. Nilimwitikia mzee kama nilivyokuwa namwitikia yeye.

Jumatatu mzee hakufungua daftari. "Nani kasema siku mbili?" aliuliza.

Mimi nikatazama sakafu. Braza hakuwa na uvumilivu wa kutazama sakafu. "Wewe mzee," alisema. "Sie tunaitikiaga tu."

Nilidhani kazi imeishia hapo. Mzee alivaa kofia yake akatoka. Aliporudi ilikuwa baada ya sala ya adhuhuri, hasira imempungua, na moja kwa moja akaenda kwenye kabati akatoa mfuko wa kete. Zilikuwa kete za komwe tulizotumia kujaribia sheria kwenye bao la mti, ngumu na laini, za rangi ya kijivu. Akauweka mfuko katikati ya meza.

"Kila mtu achote," alisema. "Kete moja ni siku moja. Fumbeni, msinioneshe. Kazi ni ileile, kete zisambae shimo kwa shimo. Nikisema fumbua, tufumbue pamoja."

Tukachota. Tukafumba. Tukafumbua. Mkononi mwa mzee mlikuwa na mbili. Braza alikuwa na tano. Mimi nilikuwa na nane, na ya tisa ilikuwa imeniponyoka ikabingirika chini ya meza.

Mzee alizitazama kete zangu kwa muda mrefu. "Binti, mbona nyingi hivi?"

Nikamweleza. Kete ikianguka ina picha sita, na anayetazama anatakiwa aone mkono, na mkono nao una picha zake, na kila picha ni nusu siku. Sikuwa nimewahi kusema maneno mengi hivyo mbele yake.

"Na wewe uliniambia siku mbili."

"Ulisema wewe, mzee," nilijibu, kisha nikaona nimekosa adabu, nikaongeza shikamoo, ingawa asubuhi tulikuwa tumekwishaamkiana. Braza akacheka mpaka akashika tumbo. Mzee akajibu marahaba akiwa na uso mkavu kabisa, halafu na yeye akashindwa.

Kuanzia siku ile ndivyo tulivyopanga kila juma, na utaratibu ukajitengenezea sheria kadiri tulivyokwenda. Aliyepungua na aliyezidi ndio wanaoanza kusema, wa katikati anasubiri. Ila mkubwa, hata kama ni yeye aliyepungua au aliyezidi, anasema mwisho. Sheria hiyo aliileta mzee mwenyewe, baada ya kugundua kwamba akianza yeye, sisi tunaanza kujirekebisha. Bado majuma ya mwanzo nilikuwa najaribu kumwibia, natazama ngumi yake ilivyovimba nikikadiria ana ngapi. Alipotambua akawa anafumbia chini ya meza.

Sheria niliyoipenda zaidi ilitokana na ukubwa wa kiganja changu. Komwe si ndogo, na mkononi mwangu zikizidi nane hazifumbiki. Siku moja nilichota kumi na mbili kwa ajili ya kazi fulani nikahangaika kuzibana, zinadondoka huku na huku. Mzee akasema kazi isiyoenea mkononi mwa binti si kazi moja, ivunjwe. Tukaivunja mara mbili, kila kipande kikaenea. Hata mgao wa umeme tukauwekea kete zake, jambo lililoniondolea kisingizio changu kikubwa.

Kitu kimoja tu kiligoma kuhesabika. Kila Jumamosi mzee aliwaita wachezaji wawili watatu wa bao kutoka kijiwe cha jirani waje wacheze kilichopo, kiwe kimeiva au hakijaiva. Mmoja wao, mtu asiyejua kubembeleza, alicheza kidogo akasukuma kibodi. "Linakwenda," alisema, "ila halina raha."

Jumatatu tukaulizana raha ni kete ngapi. Mzee alikuwa na moja, braza sita, mimi tatu, na tulibishana mpaka tukasahau kula. Hakuna hata mmoja aliyekuwa anajua alichokihesabu. Mwishowe mzee akaamua kwamba raha haihesabiwi, inatengewa muda. Tukaipa Alhamisi. Alhamisi tulijaribu chochote, hata upuuzi, na ikiadhiniwa alasiri tuliacha tulipofikia. Alhamisi nyingine zilikwisha mikono mitupu, na ilinibidi nijifunze kutoona haya kwa hilo. Lakini moja ilituletea kitu kidogo sana: kete ya mwisho ikawie kidogo angani kabla ya kutua, ikitua ilie kidogo. Jumamosi iliyofuata yule mtu wa kijiwe aliinama mbele kila kete ya mwisho ilipokawia, na hakusukuma kibodi. Niliona fahari kana kwamba nimejenga ghorofa.

Tulipobakiwa na majuma matatu kabla ya Sabasaba, daftari lilikuwa na kazi moja kubwa. Kompyuta icheze yenyewe.

Tukachota. Nakumbuka nilivyochota. Kwa mara ya kwanza tangu mambo yabadilike sikuihesabu kazi, nilihesabu siku zilizobaki, nikachukua kete zinazoenea ndani yake na siku nyingine zibaki. Nilichukua kete mbili.

Tukafumbua. Braza mkono wake ulikuwa umejaa mpaka vidole vimeachana. Wangu ulikuwa na zile mbili. Na mkono wa mzee ulikuwa mtupu.

Nilidhani anafanya mzaha. Braza akatazama chini ya meza, labda zimedondoka.

"Hazikudondoka," alisema mzee, akavunja sheria yake mwenyewe ya kusema mwisho. "Sijui. Kazi hii siijui itachukua muda gani. Nimekuwa fundi maisha yangu yote, watu wananisubiri na simu zao na mitambo yao, na sijawahi kumwambia mtu sijui. Nilikuwa nasema siku mbili."

Sikuwahi kumsikia mtu wa umri wake, mwanamume, mwenye ofisi yake, akisema sijui mbele ya watoto. Nilitazama kete zangu mbili nikaona aibu.

"Umepungua, binti," alisema kwa upole. "Sema."

Nikasema. Nilimweleza habari ya chuo, na basi, na Sabasaba, na kwamba mchezo usipokwisha mimi siko tena. Nililia kidogo, na sikupenda kulia mbele ya braza. Mzee alikuwa hajui lolote kati ya hayo. Alidhani baba amenikubalia kwa moyo mweupe.

Akachukua kalamu yake, akalivuta daftari, akaikata ile kazi kwa mstari mmoja.

"Mashine haichezi," alisema. "Watacheza watu wawili. Majuma matatu haya tumalize kilichopo, kimalizike kweli."

"Mzee," alisema braza, "si ndo ndoto yako hiyo?"

"Bao ni la watu wawili. Limekuwa hivyo tangu lianze."

Alisema kama jambo dogo, lakini kalamu ilikuwa imetoboa karatasi. Ule ulikuwa mchezo wake, kiinua mgongo chake, na kitu pekee alichokuwa akikitaka kwa ajili ya nafsi yake. Alikitoa ili mimi niwe na kitu kilichokwisha cha kumwonyesha baba. Nilimshukuru siku ile, na nikamshukuru tena mara nyingi mpaka akafariki, na bado sioni kama nimemaliza. Ilimchukua braza karibu mwaka mzima mwingine kuifundisha mashine kucheza. Siku ilipomfunga mzee, hakufa wala hakucheka. Alisema imeiba, akataka marudiano.

Kwenye maonyesho ya Sabasaba tulipewa pembe ya banda na yule mwenye duka la vifaa vya shule. Meza moja, kompyuta moja, viti viwili, na ule mfuko wa kete. Baba alikuja Jumapili akitokea kanisani, amevaa koti, na joto lile. Alikaa akatazama skrini, akasubiri. Kisha akaniuliza anacheza na nani.

"Na mtu," nilisema.

Mzee akavuta kiti cha pili. Basi hao wawili, waliokuwa wakiamkiana tu, wakalazimika kukaa bega kwa bega na kupokezana kibodi. Baba alikuwa na bao la kwao bara, lenye sheria zake, na kufikia kete ya kumi walikuwa wanabishana kwa sauti watu wakajaa. Baba alimwita mzee mwizi. Mzee akamwambia huku pwani huo hauitwi wizi, unaitwa kujua. Kete za mwisho zilikawia, zikatua, zikalia, na kila mara baba alikuwa anainama mbele. Alifungwa, akafungwa tena, akakubali.

Kisha akasimama, akafuta jasho, akanigeukia. "Umekwisha?"

"Wa watu wawili umekwisha," nilisema. "Mashine kucheza yenyewe bado, na hatujui lini."

Ningeweza kusema umekwisha tu. Asingejua.

Akanitazama kidogo. "Na kazi hii utaifanya mpaka lini?"

Nikafungua mdomo niseme utakavyosema wewe baba, maana ndilo jibu lililokuwa karibu. Mzee akawahi. Alichukua mfuko wa kete kwenye meza, akamnyooshea baba.

"Mzee mwenzangu, sie hapa hatuulizani hivyo," alisema, akamweleza: kete moja ni mwaka mmoja, chota, fumba, usimwonyeshe.

Nilidhani baba atakataa. Alikuwa karani, mtu wa mafaili, amevaa koti, na watu wanatazama. Akaingiza mkono ndani ya mfuko wa kete. Nami nikaingiza wangu.

Tukafumbua pamoja. Baba alikuwa na mbili, miaka ileile ambayo chuo kingechukua. Mimi mkono haukufumbika hata kidogo, kete zilinimwagika zikaanguka sakafuni, na braza akawa anazikimbilia chini ya viti vya watu.

Baba akafungua mdomo. Mzee akainua kidole.

"Mkubwa mwisho," alisema.

Baba akafunga mdomo. Akarudi akakaa kwenye kile kiti, kete zake mbili bado zimo kiganjani, akanitazama usoni.

"Haya," alisema. "Umezidi. Sema, nakusikiliza."